Mjomba katili wa hadithi za kale: ni mjomba kweli au baba mdogo?

Zabibu_Dom: Wakuu, tunaandaa igizo la dakika 20, hapa Dodoma mjini. Tunamtaka mjomba katili kutoka hadithi za nje, waigizaji wasizidi watano. Tumefikiria Claudius wa Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, au Seth, mungu wa Misri ya kale. Yupi anafaa?

Mwana_Kongwa: Hao wote si wajomba. Claudius ni ndugu wa baba yake Hamlet; Seth ni mdogo wake Osiris, baba yake Horus. Hao ni baba wadogo, pwani wangesema ami. Ukiandika "mjomba", watazamaji watamtafuta kaka wa mama jukwaani, na chanzo cha ugomvi kitapotea: huyu anakitaka kiti cha kaka yake, mtoto ni kikwazo. Wagogo wanafuata ukoo wa baba, hilo hawahitaji kufafanuliwa.

Mjomba halisi ni Kamsa wa Mathura, India. Anaendesha gari la farasi akimsindikiza dada yake Devaki siku ya harusi, mara sauti kutoka mbinguni: mtoto wake wa nane atakuua. Anachomoa upanga. Vasudeva, bwana harusi, anamwokoa mkewe kwa kuahidi kumkabidhi kila mtoto atakayezaliwa. Wanafungwa gerezani, sita wanauawa. Wa saba, Balarama, anahamishiwa tumboni mwa Rohini, mke mwingine wa Vasudeva. Wa nane ni Krishna; baba yake anamvusha mto Yamuna usiku, anamwacha kwa Yashoda, mke wa mfugaji ng'ombe, na kurudi na binti mchanga wa Yashoda badala yake.

Igizo huharibika watu wakitaka kuonyesha uzazi wote. Onyesha kifo kimoja, vingine vitano vipigie ngoma. Waigizaji: Kamsa, Devaki, Vasudeva, Krishna akiwa kijana, na wa tano atoe sauti.

Wa_Gairo: Mkivuka kuja kwetu Ukaguru, Kamsa atauma zaidi. Huku ukoo unafuata mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake.

Mkiishiwa watu, kuna Aladdin. Mchawi wa Maghreb (Afrika Kaskazini) anajidai ndugu wa marehemu baba yake, anamvisha nguo mpya, kisha anamtuma shimoni kuchukua taa. Kijana anagoma kuitoa kabla hajavutwa juu, anafungiwa humo. Wawili na mama, basi.

Zabibu_Dom: Kamsa. Sauti itoke nyuma ya pazia?

Mwana_Kongwa: Ndiyo, na iseme mara moja. Mkirudia, Kamsa ataonekana kiziwi.