Naomba ushauri: baiskeli kandokando ya mto Po, Italia

Habari wakuu. Mwezi wa tano mimi na mke wangu tunataka kuendesha baiskeli kutoka Ferrara hadi baharini. Nimesoma kuhusu Destra Po, njia ya kilomita zaidi ya 100 juu ya tuta la mto, kutoka kijiji cha Stellata hadi Gorino, karibu na bahari. Ni tambarare tupu na magari ni ya nadra, jambo kubwa kwetu, maana mke wangu akisikia lori nyuma yake hutetemeka mwili mzima.

Wasiwasi wangu ni upepo, kwa kuwa tuta liko wazi. Mliopita huko, maji ya kunywa mlijaza wapi? Tairi nyembamba zinafaa? Tungependa kulala Mesola, mji mdogo ulio njiani, tulione kasri la ukoo wa Este, watawala wa zamani wa Ferrara.