Gesi ilitokaje ndani ya makaa ya mawe, na kwa nini udongo wa viwanda vyake bado una sumu?

Mkazi wa Kirumba:
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu wa kidato cha tatu amenionyesha picha ya bustani iliyo kando ya Ziwa Union mjini Seattle, Marekani, ambamo minara ya chuma iliyoshika kutu imesimama katikati ya majani mabichi. Maelezo yanasema kwamba hapo palikuwa na kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe kuanzia 1906 hadi 1956, na kwamba mpaka leo watu wanakatazwa kuogelea mahali hapo. Mimi niliyekulia jirani na mwalo, ambako mtoto hujua kuogelea kabla ya kujua kusoma, nimeshindwa kumjibu maswali mawili: gesi ilitokaje ndani ya jiwe, na kiwanda kilichofungwa zamani hivyo kinachafuaje maji hadi leo? Gesi ninayoijua mimi ni ya mtungi.

Mwalimu wa Kemia, Nyegezi:
Shikamoo mzee. Naomba nianzie kwenye tanuri la mkaa. Mchoma mkaa hufukia magogo kwa udongo ili hewa isiingie kwa wingi, na kuni zikipata joto pasipo hewa ya kutosha haziishii majivu, bali hutoa moshi mzito na kubaki mkaa. Moshi ule unaomtoa machozi una gesi inayoweza kuwaka, nao hupotea bure. Wenye viwanda vya gesi walichokitaka hasa ni moshi. Makaa ya mawe yaliwekwa katika vyombo virefu vilivyozibwa, yakapashwa moto kwa nje hadi joto la nyuzi 1,000 hivi, na kilichotoka kikapitishwa kwenye mabomba. William Murdoch aliangaza nyumba yake ya Redruth, Uingereza, kwa njia hiyo mwaka 1792, na ilipofika 1812 London ilikuwa na kampuni yenye hati ya kifalme ya kusambaza gesi.

Gesi hiyo ilitoka ikiwa chafu. Ilipopozwa, iliacha lami nyeusi na maji yenye amonia. Kisha ilipitishwa kwenye chokaa, na miaka ya baadaye kwenye oksidi ya chuma, ili kuondoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Iliyosafishwa, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa haidrojeni na methani pamoja na kaboni monoksaidi, ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, ilihifadhiwa kwenye tangi lisilo na kitako lililofunikwa juu ya maji. Mwambie binti ageuze kikombe kifudifudi ndani ya beseni la maji, kisha apulize hewa chini yake kwa mrija, naye atakiona kikiinuka. Matangi yale yalipanda gesi ilipozalishwa na kushuka watu walipowasha taa.

Sumu ilitokana na masalia. Lami ilikuwa na soko, hasa baada ya William Henry Perkin kupata rangi ya zambarau mwaka 1856 kutokana na kemikali za lami hiyo, lakini nyingine ilivuja ardhini. Lami hiyo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama, hupenya udongo na kutulia chini ya ziwa, ikiwa na benzini na kemikali nyingine zinazosababisha saratani, wala haiozi upesi. Ile oksidi ya chuma iliyochoka kusafisha gesi nayo ilibeba kemikali za sianidi na kugeuka buluu, ndiyo maana mafundi wa Uingereza wanaochimba misingi ya nyumba hushtuka wakikuta udongo wa rangi hiyo.

Mpita Njia, Igoma:
Niongeze kwamba kiwanda cha Seattle kiliacha makaa ya mawe mwaka 1937 kikahamia mafuta, kwa hiyo uchafu wake umechanganyika. Mbunifu Richard Haag, aliyesanifu bustani iliyofunguliwa mwaka 1975, hakutaka mitambo ing'olewe. Alichanganya udongo na tope la majitaka na vumbi la mbao ili bakteria wale mafuta, na kifusi akakifanya kilima ambacho leo watoto hurushia tiara. Kwa maoni yangu aliwategemea bakteria kupita kiasi, kwa sababu kilichokuwa chini ya maji hawakukifikia.

Tusiwasahau pia wapakia makaa. Katika kiwanda cha Beckton, London, zamu ilikuwa saa 12 mbele ya tanuri, hadi Will Thorne na wenzake walipoanzisha chama cha wafanyakazi mwaka 1889 na kupata zamu ya saa 8.

Mkazi wa Kirumba:
Marahaba mwalimu, nawashukuru wote. Jaribio la kikombe tumelifanya jikoni, na meza yote imelowa. Binti anauliza kama taa zao zilifanana na karabai alizokuwa nazo babu yake kwenye mtumbwi wa dagaa.

Mwalimu wa Kemia, Nyegezi:
Kifuko cheupe cha karabai kilibuniwa kwa ajili ya taa za gesi hasa. Carl Auer von Welsbach wa Austria alipata hataza yake mwaka 1885, na baadaye akatumia oksidi ya metali iitwayo thoriamu, yenye metali nyingine ya seriamu kidogo, ambayo ikipata joto hung'aa kwa weupe mkali kuliko mwali wenyewe. Taa za mafuta ya taa za kupampu ziliurithi ubunifu huo, nazo zikafika hadi ziwani kwetu. Kama karabai za babu bado zipo stoo, binti asivipulize vile vifuko vilivyovunjika, kwa kuwa thoriamu ina mnururisho, yaani hutoa miali isiyoonekana inayodhuru mwili, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.