BBC America na Copper: kwa nini New York ya 1864?

Mwanakwetu_Tabata
Wakuu habari za jioni. Shemeji kaniachia flashi imejaa tamthilia, humo nimekuta moja inaitwa Copper. Nimeshamaliza vipindi vitatu. Mapolisi wa New York mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, matope kila mahali, na kila mtu kalewa. Kilichoniacha hoi ni nembo: BBC America! BBC niliyokulia mimi ni ya Dira ya Dunia. Hawa wamefikaje kutunga hadithi ya Wamarekani wanaochinjana? Na hela walitoa wapi, ni kodi ya Waingereza? Mwenye kujua anijuze, nami niamue kama niendelee au nilale.

Ngosha77
Ngoja waje wenye vifurushi vikubwa. Sisi wa antena tunasoma tu.

Mzee_wa_Bronx
Mwanakwetu, hela ya Mwingereza haimo. Kule kwao kila nyumba inayotazama televisheni hulipa leseni, mwaka 2012 ilikuwa pauni 145.50, na ndiyo maana BBC ya nyumbani haina tangazo la sabuni. BBC America ni duka jingine. Ilianza 1998 chini ya mkono wa biashara wa BBC, na inaishi kwa malipo ya kebo na matangazo.

Mimi niko huku Marekani siku nyingi, nimeitazama sana. Ilikuwa Top Gear, Doctor Who, Top Gear tena, na katikati wanakuwekea Star Trek, ambayo hata ya Waingereza si yao! Halafu angalia kilichowapata: tamthilia ya Kiingereza iliyowateka Wamarekani miaka ile ilikuwa Downton Abbey. Hiyo ni ya ITV, washindani wao, na huku ilirushwa na PBS, televisheni ya umma. Chaneli inayojiita ya Kiingereza inapitwa na sherehe ya Kiingereza. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipoona lazima wawe na cha kwao wenyewe.

Copper ndiyo tamthilia yao ya kwanza ya kutunga wenyewe, ilianza tarehe 19 Agosti 2012. Na hawakuokota watu. Tom Fontana na Barry Levinson walikwishafanya pamoja Homicide, ya makachero wa Baltimore, na Levinson ana Oscar ya Rain Man. Hiyo New York unayoiona ilijengwa Toronto, Kanada. Five Points yenyewe, ule mtaa wa mafukara wa kwenye hadithi, imeshafutika. Leo ukienda utakuta mahakama, na bustani ya Columbus ambako wazee wa Kichina wanacheza karata.

Kuhusu kuchagua New York badala ya London, mimi naona ni ujanja. Kachero Corcoran ni Mwairishi, mama Haverford ni Mwingereza, Eva wa danguro ni Mjerumani. Mtazamaji wao wa zamani anasikia lafudhi alizozoea, na Mmarekani anaiona historia yake.

BintiPangani
Mzee shikamoo. Maelezo mazuri, ila mie yule daktari mweusi, Freeman, amenikwaza. Mwaka 1864, watumwa bado wapo Kusini, halafu yeye anapasua maiti na kuwaelekeza polisi wazungu? Naona ni kutupaka mafuta tu watazamaji wa leo.

Mzee_wa_Bronx
Marahaba binti. Hapo nakukatalia. New York hiyohiyo alikuwepo Dk. James McCune Smith, aliyezaliwa utumwani mwaka 1813. Vyuo vya Marekani vilimkataa kwa rangi yake, akavuka bahari hadi Glasgow, akatoka na udaktari mwaka 1837. Akarudi, akafungua zahanati na duka la dawa, akawa pia daktari wa kituo cha watoto yatima weusi pale Fifth Avenue.

Julai 1863 serikali ikaanza kuandikisha watu jeshini kwa bahati nasibu, na mwenye dola 300 aliruhusiwa kujikomboa. Vibarua, wengi wao Wairishi, wakalipuka. Badala ya kuwaendea wenye dola 300 peke yao, wakawageukia weusi: watu walinyongwa kwenye nguzo za taa. Kile kituo kilichomwa moto. Watoto zaidi ya 200 walitolewa wakapona. McCune Smith akahamia Brooklyn na familia yake. Sasa mtazame mke wa Freeman, Sara, anavyoogopa kukaa mjini. Hofu ile haikutungwa mezani.

Kama nina lawama, ni kwamba walimfanya Freeman msaidizi. Yeye ndiye anayegundua, sifa anachukua Corcoran. Najua ndivyo mambo yalivyokuwa, lakini makachero walevi wenye majonzi tunao wengi mno kwenye televisheni. Daktari kama yule nimemwona wapi tena?

BintiPangani
Hilo la Glasgow sikulijua. Nimenyamaza, ila kwa hilo tu. Mavazi ya yule mama Haverford bado masafi kupita kiasi kwa mji wa matope!

Mwanakwetu_Tabata
Asante Mzee. Sasa niambie, inaishia pazuri?

Mzee_wa_Bronx
Iliishia misimu miwili, vipindi 10 na 13, wakaifuta Septemba 2013. Usitegemee kila fundo lifunguliwe. Lakini msimu wa kwanza umalize, maana mwisho wake umejengwa juu ya jambo la kweli: tarehe 25 Novemba 1864 majasusi wa Kusini walipanga vyumba kwenye mahoteli ya New York, wakavitia moto, wakafunga milango wakakimbia. Madirisha walikuwa wameyaacha yamefungwa, moto ukakosa hewa, mji ukanusurika.

Mwanakwetu_Tabata
Aisee! Basi silali. Flashi yangu ina hivyo 10 tu. Mwenye vile 13 vya pili aniandikie pembeni, nipo Tabata, nafuata mwenyewe.