Acheni kumposti Hattie McDaniel kama hadithi ya kufurahisha!

Wakuu, leo nina hasira na wala sifichi.

Kila msimu wa Oscar ukikaribia zinaanza tena zile posti: picha ya mama mweusi, maua kichwani, tabasamu pana, na mstari mmoja tu kwamba Hattie McDaniel ndiye mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Chini yake makofi na mioyo. Halafu anaibuka mjuaji mmoja kuandika kuwa mama huyo aliuza utu wake kwa kuigiza hausigeli wa Wazungu. Mnanikera nyote, sijui hata nani zaidi.

Nianze na wa makofi. Ilikuwa 29 Februari 1940, hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ukumbi wa Cocoanut Grove. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea weusi. David O. Selznick, mtayarishaji wa Gone with the Wind, ile filamu ambayo uhausigeli wake ndio uliompa Hattie Oscar, ilibidi aombe ruhusa maalumu ili mwigizaji wake mwenyewe apite mlangoni. Akapita, halafu akawekwa kwenye kimeza kidogo kando ya ukuta, mbali na nyota wakuu wa filamu, Clark Gable na Vivien Leigh, na wenzake wote. Alipotajwa akaenda mbele, akapokea, akashukuru, akarudi ukutani kwake. Na hakupewa ile sanamu kubwa mnayombandikia kwenye picha zenu. Washindi wa uhusika msaidizi enzi hizo walipewa kibao. (Na weupe walipewa hivyo hivyo, msije mkasema nachochea.)

Miezi miwili kabla, Desemba 1939, filamu ilizinduliwa Atlanta. Georgia ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi, kwa hiyo waigizaji weusi wa filamu hiyo hawakuhudhuria. Inasimuliwa kwamba Gable alitaka kususa, na Hattie mwenyewe ndiye aliyembembeleza aende. Lakini kwenye dansa la matajiri usiku wa kuamkia uzinduzi, kwaya ya kanisa la Ebenezer ililetwa kuwaimbia wageni ikiwa imevalishwa kama watumwa wa shambani. Katika watoto wa kwaya ile alikuwemo Martin Luther King Jr., umri miaka 10. Hilo kwenye posti zenu mbona silioni?

Sasa nyie wajuaji. Hattie alizaliwa 1893 Wichita, Kansas, na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Baba yake alipigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya filamu alikuwa mwimbaji wa bluzi, anatunga, amerekodi. Uchumi ulipoanguka 1929 akaishia kuhudumia chooni kwenye klabu moja ya Milwaukee, hadi walipomruhusu kupanda jukwaani kuimba. Alipofika Los Angeles 1931 alifanya kazi za ndani za kweli huku akisubiri vijisehemu, na katika filamu nyingi hata jina lake hawakuliandika. Gone with the Wind inaupamba utumwa, siitetei hata kidogo. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, alipopinga uhusika wa aina hiyo alikuwa na hoja. Lakini skripti aliandika nani? Studio ilikuwa ya nani? Aliyeshika sinia ndiye mnamrushia mawe, mwenye nyumba mnamwacha!

Tena huyo mnayemwita kibaraka alishtakiwa na majirani weupe kwa kosa la kununua nyumba. Mtaa wa West Adams, Los Angeles, sehemu iliyoitwa Sugar Hill, hati zilikuwa na masharti ya kutowauzia weusi. Hattie na wenzake, akiwemo Ethel Waters, wakaweka wakili Loren Miller wakapambana. Desemba 1945 jaji Thurmond Clarke akaitupa kesi, akasema masharti hayo yanapingana na Katiba. Mahakama Kuu ya Marekani ilifikia uamuzi wa kutoyatekeleza mwaka 1948, yaani miaka mitatu nyuma ya hausigeli wenu.

Alifariki 26 Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti. Kwenye wosia alitaka jeneza jeupe, sanda nyeupe, maua meupe ya gardenia, azikwe makaburi ya Hollywood. Makaburi yakamkataa. Weusi hawazikwi pale! Akapelekwa Rosedale. Mwaka 1999 mmiliki mpya akajitolea kumhamisha, ndugu wakasema asisumbuliwe tena, kukawekwa mnara tu wa kumbukumbu.

Na kile kibao? Alikiachia Chuo Kikuu cha Howard, kikapotea, mpaka leo hakijaonekana. Akademia, wale wanaotoa Oscar, ilipeleka kingine Oktoba 2023. Jamani, 2023! Watu wamekwenda mwezini na kurudi, kina Hattie wanasubiri kipande cha kibao.

Kwa hiyo mkiposti tena mwakani, wekeni na habari ya kimeza cha ukutani. Na wewe mkuu uliyeandika juzi kwamba Hollywood ilifungua milango usiku ule, nitajie mwanamke mweusi wa pili kushinda Oscar ya uigizaji. Nakusaidia: Whoopi Goldberg, 1991. Toa hesabu mwenyewe, nakusubiri hapa hapa.