Jua la 15 Mei 1994: Ng'ombe au Punda? Naomba ushauri

Wakuu, nina chati ya nyota ya mtu aliyezaliwa Mwanza, 15 Mei 1994, saa 12:40 asubuhi. Kwenye programu nimeingiza 6:40, UTC+3, 2°31′ kusini, 32°54′ mashariki. (Ukiandika 12:40 kama ilivyo kwenye kadi ya kliniki umepotea saa sita, na nyota inayochomoza inaruka alama kama tatu kati ya zile 12 (Punda, Ng'ombe na wenzao, kila moja digrii 30). Huku Kanda ya Ziwa kosa hili halishi.)

Kwa mfumo wa tropikali, unaoanza kuhesabu pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi, Jua liko takriban 24°06′ za Ng'ombe. Mfumo wa saiderali hupima kwa nyota zenyewe, kwa hiyo natoa ayanamsha, yaani tofauti ya digrii kati ya mifumo hiyo miwili. Nikitoa ya Lahiri, inayotumika sana kwenye unajimu wa Kihindi, 23°46′, Jua linabaki Ng'ombe, 0°20′. Nikitoa ya Fagan-Bradley, ya wanasaiderali wa Magharibi, 24°39′, linarudi Punda, 29°27′. Hapo ndipo nilipokwama.

Kwenye dasha (vipindi vya maisha vinavyohesabiwa kutoka mahali ulipo Mwezi) sina shida, natumia Lahiri. Hizo dakika 53 za tofauti zingesogeza vipindi karibu miezi 16 kama Mwezi ungekuwa kwenye manzili inayotawaliwa na Zuhura. Ila mteja anataka alama ya Jua tu. Nimpe ya Lahiri, au nimwambie wazi kwamba yuko mpakani? Na kuna anayechanganya ayanamsha mbili hizi kwenye chati moja? Mimi naona ni kuharibu.