Mrejesho: Likizo ya familia jijini, malazi nafuu na usafiri wa umma

Niliuliza iwapo familia ya watu watano ifikie katikati ya jiji au pembezoni kwenye unafuu, nanyi mkanishauri nipime kwanza umbali wa kutoka mlangoni hadi kituo cha treni. Nawashukuru, kwani tulipanga nyumba ndogo yenye jiko, mwendo wa dakika 6 kwa miguu kutoka kituoni, na kwa kuwa tulijipikia asubuhi na jioni, fedha iliyobaki ilitosha kuongeza siku 2. Tiketi ya siku nzima ilitufaa siku za mizunguko mingi tu. Nilichosahau kuulizia ni lifti: kituo hakikuwa nayo, hivyo kila jioni tulipandisha kigari cha mtoto kwenye ngazi, mama wa watoto akishika mbele, nami nyuma nikihema.