Honda XL ya mzee inalia kama cherehani, fundi anataka kushusha injini nzima

Mtoto wa Isyonje
Wakuu salaam. Nina Honda XL 125 ya zamani, ya marehemu mzee. Alikuwa bwana shamba, kaizungusha Umalila yote. Mimi naibebea viazi kushuka Uyole. Tangu baridi ianze, nikiiwasha asubuhi inalia chakachakachaka upande wa kushoto wa silinda. Nikivuta mafuta inapungua, nikiachia inarudi. Kilima nilichokuwa napanda na gia namba tatu sasa ni namba mbili, na bado inanung'unika. Haitoi moshi, hailambi oili. Fundi anasema pistoni, ringi na krenki vyote vimekwisha. Nimpe kazi?

Kipara Makambako
Uza chuma chakavu, chukua Boxer.

Spana 14
Kipara, pikipiki ya marehemu mzazi haiuzwi hivyo.
Mtoto wa Isyonje, usimpe kazi kwanza. Isiyotoa moshi wala kula oili haianzii kwenye ringi. Mimi nashuku cheni ya taimingi, ile inayotoka kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kupanda kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu). Pini zake zikilika cheni inarefuka, valvu zinachelewa kufunguka na kufunga, ndiyo maana kilima kimekushinda.
Pima kwanza nafasi ya tapeti, zile zinazokanyaga valvu, maana nazo hulia. Zikiwa sawa, acha kifuniko chake wazi, tia spana kwenye nati ya magineti, lile gurudumu la sumaku kwenye ncha ya krenki, zungusha mbele mpaka tapeti ianze kukanyaga valvu. Halafu rudisha nyuma kidogo tu. Cheni nzima, kemshafti inageuka pamoja na mkono wako. Iliyochoka, mkono unatembea kwanza, kemshafti imelala, halafu ndiyo inashtuka.
Na ukimwaga oili, ichuje kwa kitambaa.

Mzee wa Mafinga
Mbona mimi mchina wangu wa CG miaka saba sijawahi kubadilisha hiyo cheni?

Spana 14
Hujabadilisha kwa sababu haina, mzee wangu 😂. CG inasukuma valvu kwa fito. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwalenga watu kama sisi, wenye matunzo ya kubahatisha.

Mtoto wa Isyonje
Nimerudi. Tapeti ziko sawa. Magineti inatembea karibu upana wa kidole ndipo kemshafti iamke. Kwenye kitambaa nimekuta vipande vyeusi kama raba ya kandambili.

Spana 14
Hizo ni raba zinazoongoza cheni, imeshaanza kuzitafuna. Kukaza tenshona, kile kikaza cheni, sasa ni kujidanganya, utapata ukimya wa wiki moja. Na usiiwashe tena. Ikiruka meno, valvu inaweza kukutana na pistoni, hapo ndipo maneno ya fundi wako yatatimia.
Nunua cheni, raba zote mbili, na sproketi ya juu kama meno yamechongoka. Cheni mpya kwenye meno mabovu hailipi.

Dada Garage
Naongezea, kwa sababu hapa ndipo vijana wangu huharibu. Magineti inatoka kwa pula, kile chombo cha kuivuta, siyo kwa nyundo. Cheni ya zamani ifungeni waya kabla ya kulegeza sproketi, na tundu la cheni lizibeni kwa kitambaa safi. Bolti ikidondokea humo mtashusha injini kweli. Wakati wa kufunga, fuateni alama ya T ya kwenye magineti, ile ya pistoni kufika juu kabisa, siyo F. F ni ya moto wa plagi. Nimepokea XL iliyofungwa kwa F, mwenyewe kaipiga kiki mpaka goti limevimba. Sproketi nayo ina alama yake, ilingane na ya kwenye hedi. Kisha zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki, kwa sababu kemshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mbili. Ukisikia inagota, simama, usilazimishe.

Mtoto wa Isyonje
Ndaga fijo wakuu. Fundi nimemwonyesha zile raba, kanyamaza, halafu kakubali kufungua juu tu. Spea nitazitafuta Mwanjelwa. Shida iliyobaki ni pula, yeye ana nyundo. Dada Garage, yako inaazimwa? Naweza kuifuata Jumamosi, na debe la viazi nakuja nalo.

Dada Garage
Lete na hiyo magineti. Pula haitoki hapa bila mimi.

Spana 14
Sasa ataitoaje magineti ailete, bila pula? 😂

Dada Garage
Haya basi, lete pikipiki nzima.